Maneno ya Kiingereza yenye "ough": kuna kanuni ya kuyatamka au ni kukariri tu?

Mjomba_Makorora

Habari za jioni wanajamvi, wa Tanga na wa kwingineko. Nina mpwa wangu yuko fomu wani hapa mjini, msingi kasoma shule ya Kiswahili miaka yote saba, sasa masomo yamegeuka Kiingereza na mtoto anajitahidi kwelikweli, jioni tunakaa barazani yeye anasoma kwa sauti mimi namsikiliza. Juzi tukafika kwenye aya moja, fupi tu, inamzungumzia mkulima na ukame, humo ndani kuna though, through, tough, plough, enough, drought na thought, zote aya moja. Akasoma tough nikamwambia ni taf. Akafika though akasoma "dhaf", na kwa akili yake yuko sawa kabisa maana herufi ni zilezile kaongezewa h moja tu baada ya t. Nikamwambia hapana hiyo ni "dho". Ikaja through akasema thro, nikamwambia hiyo ni "thruu". Akafunga kitabu akaniuliza, mjomba, hivi hizi herufi nne zinatamkwaje haswa?

Mimi kuyasema nayasema, nimefanya kazi na wageni bandarini nimeyashika kwa sikio, ila kumweleza mtoto kwa nini iko vile ndo ninapokwama. Kuna kanuni yoyote? Na kama haipo, ilikuwaje mpaka wakaandika hivyo, maana nakataa kuamini kuna mtu alikaa akapanga herufi nne zisizosomeka. Naomba majibu ya kumsaidia mtoto. Wale wa kucheka watoto wa shule za kata naomba wapite tu, mtoto anayeuliza swali kama hili ana akili.

Mwl_Muheza

Mjomba hongera kwanza, walezi wanaokaa na mtoto na kitabu jioni ni wachache mno. Mimi nafundisha Kiingereza fomu wani na fomu tuu huku Muheza kwahiyo hili swali linanifikia kila mwaka, na mtoto hana kosa lolote, amejifunza kusoma kwa Kiswahili ambako ukiiona herufi unaitamka basi, lazima ashtuke.

Kanuni moja inayobeba maneno yote haipo. Lakini usimwambie "kariri tu", atakata tamaa. Yako makundi, na bahati nzuri kundi kubwa ndo jepesi kuliko yote. Mfundishe aangalie kitu kimoja kwanza: baada ya ough kuna t au hamna? Kama t ipo basi ni "oot", o ndefu halafu t. Bought, brought, fought, thought, sought, ought, nought, zote mlio mmoja. Linalotoka nje ya kundi, kwa maneno atakayokutana nayo shuleni, ni drought peke yake, hilo ni "draut". Na ukiangalia vizuri mengi hapo ni vitenzi vya wakati uliopita, buy inakuwa bought, bring brought, fight fought, think thought, seek sought, na wenzao wanaoandikwa kwa a, catch inakuwa caught na teach inakuwa taught, mlio ni uleule. Yaani hapo keshapata vitenzi saba ambavyo atavitumia kila siku ya maisha yake ya shule.

Wanapoteleza wengi ni bought na brought, kwenye insha zao utakuta "my father brought a goat in the market" kumbe anataka kusema kanunua. Mimi nawaambia waifuate r. Bring ina r na brought ina r, buy haina na bought haina. Wanaandika yote mawili kwenye daftari, r wanaiandika kwa peni nyekundu, na akianza kuandika sentensi anajiuliza kwanza nataka buy au bring.

Yasiyo na t sasa ndo ya kushika kwa makundi madogo madogo. Tough, rough na enough zinaishia "af". Cough na trough zinaishia "of". Though, although na dough zinaishia "o" tu hakuna f. Bough na plough zinaishia "au". Through iko peke yake, "thruu", haina mwenzake. Thorough na borough Waingereza wanazimaliza kwa sauti hafifu kama "thara" na "bara", Wamarekani wanasema "tharo" na "baro". Kwa fomu wani hayo yanatosha kabisa, ni kama maneno kumi na kitu, si mzigo.

Ila usimpe yote siku moja! Hii ndo shida ya ile aya yenu, mwandishi kayarundika pamoja. Mpe kundi moja, alitumie kwenye sentensi zake mwenyewe, kesho kutwa lingine.

Kitu kingine, sisi watu wa pwani hapa tuna urahisi mmoja ambao wanafunzi wa mikoa mingine wanausotea. Kiingereza kinaandika th kwa sauti mbili tofauti na hakikuambii ipi ni ipi. Though na although ni dh ya dhahabu. Through, thought na thorough ni th ya thamani. Mtoto wa Tanga hizo sauti anazo toka chekechea, we mwambie tu "hii ni ya dhahabu, hii ni ya thamani" na atakwenda.

Dada_Pongwe

Mwalimu umeeleza vizuri sana nimeinakili yote. Naongezea swali, na laugh je? Maana laugh ni "laaf", lakini daughter haisomwi "dafta", na laughter inasomwa "laafta". Ukiweka s mbele ya laughter inakuwa slaughter, kuchinja, na hapo f inapotea tena!! Herufi moja tu imeongezwa mbele na mlio wa katikati wote umebadilika. Kwakweli mimi nawashangaa kwa nini wasirekebishe, Kiswahili chetu tunaandika kama tunavyosema na mtoto wa darasa la pili anasoma gazeti.

Ustadh_Ngamiani

Assalamu alaykum wanangu. Mimi si mwalimu wa Kiingereza, nimefundisha chuoni, chuo cha Kurani, hapa Ngamiani miaka mingi, ila mambo ya lugha nayasoma na hili la gh nalipenda kwa sababu linatuhusu sisi kuliko mnavyofikiri.

Mjomba uliuliza ilikuwaje mpaka wakaandika hivyo. Jibu ni kwamba aliyeandika mwanzo aliandika sawasawa na alichokuwa anakisikia. Ile gh ilikuwa sauti. Na sauti yenyewe ni kh, hii hii ya Khamis, ya sheikh, ya akhera. Waingereza wa zamani, kabla ya mwaka 1066, neno la usiku waliliandika niht na hiyo h hapo katikati wakiitamka kwenye koo, yaani "nikht". Binti walimwita dohtor, wakisema "dokhtor". Through ilikuwa thurh. Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa wakaiteka Uingereza, na makarani waliozoea kuandika kwa mtindo wa Kifaransa wakawa ndo waandishi, ile h ya kooni haikuwakaa vizuri machoni, taratibu ikaanza kuandikwa gh ili itofautiane na h ya kawaida. Kwahiyo night, daughter, thought, enough, zote gh zake zilikuwa zinasomwa. Mtu alisema "thokht" na akaandika thought. Hakuna aliyemdanganya mtoto.

Kisha sauti ikaanza kufa. Kuanzia kama miaka ya 1400 kwenda mbele watu wa kusini mwa Uingereza wakawa wanailegeza kh, na ikaenda njia mbili. Kwenye maneno mengine ikapotea moja kwa moja ikaacha irabu tu, ndo though na through na daughter. Kwenye mengine ikasogea mbele mdomoni ikawa f, ndo tough na cough na laugh. Usishangae kh kuwa f, jaribu mwenyewe kusema kh huku umeikunja midomo kama unasema u, pumzi inatoka karibu na f kabisa. Na haikuwa kijiji kimoja kinasema hivi, kila jimbo lilikuwa na lake, London ikakusanya watu wa kila upande na ikachukua neno hili la huku, lile la kule. Enough yenyewe ilikuwa na mwenzake, enow, isiyo na f. Na dough, kinyunya cha mkate, ipo pudini yao moja inaitwa duff, ni dough hiyo hiyo ila ya watu walioifanya f.

Na wakati huohuo irabu nazo zinahama, zile ndefu zote zilisogea toka mahali pake kwa kipindi cha kama karne tatu. Kwa hiyo neno moja lina mambo mawili yanayotembea, irabu yake na kh yake, na kila neno likatua pake. Ndo maana mlio umekuwa mwingi hivi.

Sasa kilichoharibu ni uchapaji. William Caxton alianzisha mtambo wa kwanza wa kuchapa vitabu Uingereza mwaka 1476, pale Westminster, na baada yake wachapaji wakaendelea, na kitabu kikishachapwa kinaenda kwa watu wengi na macho ya watu yanazoea. Tahajia ikaganda wakati midomo bado inatembea. Hiyo gh leo ni kama kibao cha duka kilichobaki ukutani, mwenye duka alishahama zamani.

Dada Pongwe, laughter na slaughter ni hayo hayo, moja kh ilikwenda kwenye f, nyingine ikapotea. S haikufanya kitu hapo, ni maneno mawili ya asili tofauti yaliyokutana kwenye maandishi tu.

Dada_Pongwe

Shikamoo Ustadh. Nimesoma mara mbili mbili hiki ulichoandika. Kwahiyo kumbe mtu wa Ngamiani angemsoma Mwingereza wa zamani vizuri kuliko Mwingereza wa leo??

Ustadh_Ngamiani

Marahaba mwanangu. Kwa sauti hiyo moja, naam. Koo la mtu aliyesoma chuoni linaijua kh, Mwingereza wa London wa leo inamshinda.

Lakini pale uliposema Kiswahili tunaandika kama tunavyosema, naomba tuende polepole. Tumekaribia sana, hatujafika. Angalia hiyohiyo kh. Wazee waliandika khabari, kheri, khamsini. Tahajia sanifu ikaandika habari, heri, hamsini, na kwa wengi ndivyo wanavyosema sasa, sauti ilikufa na maandishi yakaifuata, ndo tofauti yetu na Waingereza. Kamati ya lugha ya nchi hizi za Afrika Mashariki ilianza mwaka 1930 ikaweka sawa tahajia kwa kufuata Kiunguja, na kwa kuwa ilikuwa kazi ya karibuni, maandishi yetu bado mapya, hayajapata muda wa kuachana na midomo.

Na kuna tunachokisema ambacho hatukiandiki kabisa. Sema paa la nyumba, kisha sema paa mnyama wa porini. Sema kaa la moto, kisha sema kaa wa baharini. Kama umelelewa pwani, na bibi yako alikuwa mtu wa mwambao hasa, utasikia paa mnyama na kaa wa baharini wanatoka na pumzi, weka kiganja mbele ya mdomo utaiona, lile la nyumba na lile la moto hayana pumzi hiyo. Kwenye kitabu yote yanaandikwa sawasawa. Mtoto wa bara akisoma hatajua kamwe kwamba kuna tofauti. Na watoto wetu wenyewe hapa Tanga siku hizi wengi hawaisemi, wanasoma kitabu kisha wanasema kama kitabu. Hilo linaniuma sana na nikipata nafasi nalisema.

Mtembezi_Bagamoyo

Ustadh heshima yako mzee wangu. Mimi niko Bagamoyo, natembeza wageni huku Mji Mkongwe na Kaole, na kwa kuwa Bagamoyo ilikuwa makao ya Wajerumani mpaka 1891 kabla hawajahamia Dar, tunapata wageni wengi wa Kijerumani. Nathibitisha alichosema Ustadh kwa masikio yangu.

Kijerumani na Kiingereza ni mtu na nduguye, wametoka shina moja, ila Mjerumani kh yake hakuiacha. Usiku kwao ni Nacht, na hiyo ch katikati ni kh kabisa ya sheikh. Nane ni acht, binti ni Tochter, kucheka ni lachen. Sasa viweke kando ya Kiingereza, night, eight, daughter, laugh. Hapo penye gh ya Mwingereza, Mjerumani anaikoromea. Hata zile oot za Mwl Muheza zimo, "nilifikiri" ni dachte kwa thought, "nilileta" ni brachte kwa brought. Nilikuwa na familia moja pale Boma, mama Mjerumani, baba Mwingereza, mtoto mdogo anahesabu nguzo, anahesabu kwa lugha ya mama akifika nane anakoroma "akht", baba anamrudishia "eit", na mtoto anasema zote mbili bila taabu. Nikasimama nikiwasikiliza mpaka wakamaliza nguzo.

Na Waskochi vilevile, hao hata kwa Kiingereza chao wameibakiza, ziwa ni loch na inatamkwa "lokh", na kwa Kiskochi chao usiku ni nicht. Livingstone ambaye mwili wake ulipitishwa hapa Bagamoyo mwaka 1874 alikuwa mtu wa huko. Waairishi wanaandika lough, ndiyo, l na ough, kwa ziwa hilohilo na wanasema "lokh". Kwahiyo Mjomba, kuna neno moja la ough ambalo gh yake bado iko hai mpaka leo, Lough Neagh, ziwa kubwa la Ireland ya Kaskazini. Mpwa wako akilitamka kwa kh atakuwa sahihi.

Nitaongeza jambo moja nje kidogo ya mada. Hapa kwetu kuna misheni ya mapadri wa Roho Mtakatifu, ya 1868, wageni wanasoma Holy Ghost. Hiyo gh ya ghost si ya kundi hili. Haikuwahi kuwa kh. Zamani waliandika gost tu, h ikaonekana kwenye vitabu vya huyo huyo Caxton, ambaye alikaa sana Flanders, Ubelgiji ya leo, na wenyeji wa kule waliandika neno lao kwa gh. Kwahiyo gh ikiwa mwanzo wa neno mtoto asome g tu basi, ghost, ghee.

kijana_bandari

Wakuu mimi naona njia fupi ni Umarekani tu. Wamarekani walishaona huu usumbufu wakapunguza, plough wanaandika plow, doughnut utakuta donut, hiccough ni hiccup, draught ni draft, na kwenye mabango na meseji through ni thru. Noah Webster alitoa kamusi yake 1828 akasafisha tahajia nyingi. Mpwa aandike hivyo amalize.

Alafu kuna ile ya kwamba fish inaweza kuandikwa ghoti, gh ya enough, o ya women, ti ya nation. Inasemwa George Bernard Shaw, yule mwandishi wa michezo ya kuigiza, ndo aliitunga kuwaonyesha Waingereza kwamba tahajia yao imeharibika.

Mwl_Muheza

Kijana wa bandari, kuhusu Webster uko sawa, ila kwa mtoto wa shule ya Tanzania hiyo njia fupi itamgharimu. Vitabu vyetu na mitihani yetu inafuata tahajia ya Uingereza, mtoto aandike plough, aandike through. Thru kwenye insha asiandike kabisa hata kama ameiona kwenye simu. Hiccup hiyo aitumie bila wasiwasi, ndo ya asili hasa, hiccough ilikuja baadaye kwa watu waliodhani kwikwi inahusiana na kikohozi wakaibandika cough. Na hata huko Marekani hawajafuta mengi, tough, though, thought, enough, through, cough, zote wanaandika vilevile kama London.

Ghoti siyo ya Shaw. Ipo kwenye barua ya mwaka 1855, Shaw alikuwa hata hajazaliwa, kazaliwa 1856. Shaw kweli alichukia tahajia ya Kiingereza na alipofariki 1950 aliacha fedha kwenye wosia zitengenezwe herufi mpya, labda ndo maana watu wanambebesha na hiyo. Lakini kinachonikera kwenye ghoti ni kwamba inamfundisha mtoto uongo. Gh haitoi f mwanzoni mwa neno hata siku moja, kakueleza hapo juu Mtembezi. Na ti haitoi sh mwishoni mwa neno, inatoa sh ikifuatwa na on au al kama nation na partial. Kwahiyo hakuna Mwingereza angeisoma ghoti kuwa fish. Tahajia yao ina kanuni, tatizo ni kanuni zenye kuangalia mahali herufi ilipo, mwanzo, kati, mwisho, na nani kasimama naye. Ukimwambia mtoto "Kiingereza hakina kanuni" unamnyima kitu cha kushika.

kijana_bandari

Nimekuelewa mwalimu, hiyo ya 1855 sikuwa naijua. Basi nijibu na hili, delight ina gh, nayo ilikuwa kh zamani? "Delikht"?

Ustadh_Ngamiani

La, hiyo imeingia kwa mkumbo. Asili yake ni Kifaransa cha zamani, delit, haina kh wala g. Waandishi walipoona light, night, right zote ziko hivyo wakaiandika delight ifanane nazo. Zipo kadhaa za hivyo, could nayo imetiwa l ifanane na would na should, ambazo hizo mbili l zake zilikuwa za haki.

Mjomba_Makorora

Wazee na ndugu zangu mmenipa zaidi ya nilichoomba. Nimefanya kama alivyosema Mwl Muheza, nimeanza na zenye t peke yake, na hiyo ya kufuata r imemwingia mara moja, sasa ananisahihisha yeye. Habari ya kh nilimsimulia pia, akaanza kusoma night "nikht" na thought "thokht" kila akifungua kitabu, nikaona nimwache maana kwa kusema hivyo anakumbuka kuandika gh, zamani alikuwa anaiacha anaandika "nite" na "thot". Sijui mwalimu unaonaje, nisije nikamharibia matamshi.

Na la mwisho, kuna kijana hapa mtaani anasema anaomba chuo Uingereza mji unaitwa Loughborough, ina ough mbili kwenye neno moja, na mwingine kaniambia Slough. Hizo zinasomwaje?

Mwl_Muheza

Hutamharibia kitu mjomba, hiyo ni njia nzuri sana na nitaiiba niende nayo darasani Jumatatu. Kwenye kuandika aiseme kh kichwani mwake, kwenye kusoma kwa sauti aiache. Ila isimchanganye na delight, hiyo mwambie ni mgeni aliyeingia na gh ya kuazima.

Loughborough ni "Lafbara", ough ya kwanza ni ya tough, ya pili ni ya thorough. Slough mji ni "Slau", kama plough. Ila neno slough la kawaida likiwa na maana ya nyoka kujivua ngozi ni "slaf", na likiwa na maana ya tope zito ni "slau", Wamarekani hilo la tope wanasema "sluu". Fomu wani hayahitaji hayo, ni ya huyo kijana wa chuo.

Akishamaliza makundi yote, mpe asome hii mfululizo bila kusimama: "Though the drought was tough, he thought the plough could get through the rough ground, but his cough was bad enough to stop him." Dho, draut, taf, thoot, plau, thruu, raf, kof, inaf. Asome polepole kwanza, kila neno aseme ni la kundi gani, halafu aandike kwa imla bila kuangalia. Akikosea plough na through usikasirike, hata fomu foo wanazikosea, zirudie hizo mbili tu kesho yake.